Kongosho Linapoumiza Ngozi na Viungo: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa na Familia Yake Tanga

Mtu akiamka Ngamiani au Pongwe na vinundu vinavyouma kwenye miundi, na baada ya siku chache vifundo vya miguu na magoti yakavimba, mtaani majibu huwa tayari kabla hajafika zahanati. Mmoja atasema matende, maana pwani yetu imeyajua matende tangu enzi za mababu. Mwingine atasema jongo. Wa tatu atasema baridi yabisi, apakwe mafuta achuliwe. Mara nyingi mmoja wao huwa amepatia, kwa sababu magonjwa hayo yapo na ni ya kawaida kuliko huu ninaouandikia. Lakini yupo mgonjwa ambaye chanzo cha yote kiko tumboni, kwenye kongosho, na tumbo lenyewe halimsumbui. Huyo ndiye anayezunguka miezi akibadilishiwa dawa za viungo huku ugonjwa ukiendelea. Mwongozo huu ni wake, na wa ndugu anayemsindikiza hospitali.

Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula. Linatengeneza insulini, na linatengeneza pia maji makali ya kusagia chakula, yenye vimeng'enya kama lipasi ya kuvunja mafuta na tripsini ya kuvunja protini. Kazi ya vimeng'enya hivyo ni ya utumboni peke yake. Kongosho likiungua, yaani likiwaka na kuvimba kwa ndani, au likiota uvimbe, vinaweza kuvuja na kuingia kwenye damu. Tripsini hulegeza kuta za mishipa midogo, lipasi ikapata njia ya kufikia mafuta yaliyo chini ya ngozi, yanayozunguka viungo, na hata yaliyomo ndani ya mifupa. Huko inayavunja mafuta ya mtu mwenyewe yakawa asidi, asidi inachoma nyama ya jirani, na mahali pale pakavimba na kuuma. Chokaa ya mwili inaponasa kwenye asidi hizo hutokea kitu ambacho kikemia ni sabuni kabisa, na wataalamu wa patholojia hukiona kwa darubini.

Mtaalamu wa patholojia Hans Chiari aliandika kuhusu mafuta ya chini ya ngozi kuharibika kwa ugonjwa wa kongosho mwaka 1883, kwa hiyo jambo hili si geni kwa tabibu. Ni adimu tu. Vinundu vya ngozi huwapata watu wapatao 2 hadi 3 kati ya 100 wenye maradhi ya kongosho, na wanaopata ngozi na viungo kwa pamoja ni wachache zaidi. Madaktari huuita ugonjwa wa P tatu, au PPP: pankreataitisi (kongosho kuungua), panikulaitisi (mafuta ya chini ya ngozi kuungua) na poliathraitisi (viungo vingi kuungua). Yashike majina hayo, yatakufaa mbele ya daktari.

Kwanza: ondoka sasa hivi ukiona haya

Usisome hatua nyingine ikiwa mgonjwa ana maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, anatapika bila kukoma, ana homa kali, macho yamekuwa ya njano, anapumua haraka, mkojo umepungua sana, au maneno yake yameanza kuchanganyikana. Mpeleke hospitali yenye huduma ya dharura, usiku huohuo kama ni usiku. Kongosho lililoungua vibaya huweza kuangusha figo na mapafu ndani ya muda mfupi.

Pili: kagua ngozi na viungo kwa pamoja

Mkalishe mgonjwa penye mwanga, miguu wazi hadi mapajani. Vinundu vya kongosho hupenda zaidi miundi, kuzunguka vifundo vya miguu na magoti, ingawa vinaweza kutokea mapajani, makalioni, mikononi na kiwiliwili. Vitabu vingi husema ni vyekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona doa la zambarau iliyoiva au kahawia nzito, na pengine usione kitu. Tumia vidole. Pitisha kiganja taratibu, utahisi kitu kigumu chini ya ngozi, kina joto, na mgonjwa atarudisha mguu. Baadhi ya vinundu hulainika na kupasuka vyenyewe, vikatoa uteute mzito wa kahawia wenye mafuta. Hiyo ni dalili kubwa. Usaha wa jipu hauna mafuta ya namna ile.

Halafu viungo. Vifundo vya miguu na magoti hutangulia mara nyingi, na viwiko, vifundo vya mikono na vidole vinaweza kufuata. Uvimbe unaweza kuanza kabla ya vinundu, pamoja navyo, au baada. Wengine huumwa mifupa yenyewe, hasa usiku, kwa sababu mafuta ya ndani ya mfupa nayo yanaungua. Andika kilianza nini na lini, kisha piga picha za simu, kwa ruhusa ya mgonjwa, kila baada ya siku chache, mahali palepale, ukiweka sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Vinundu hufifia na kuacha makovu meusi yaliyobonyea. Siku ya kumwona mtaalamu huenda vyote vimelala, na picha ndizo zitakazosema.

Sasa pambanua, bila kujifanya daktari. Matende huvimbisha mguu mzima au sehemu yake kubwa, ngozi ikawa nene polepole kwa miaka. Hayaji kama vinundu vya moto vya wiki moja. Jongo hupenda kushika kiungo kimoja ghafla usiku, aghalabu kidole gumba cha mguu. Mtu mwenye ukoma, hata aliyekwisha kuanza au kumaliza dawa, anaweza kupata vinundu vyenye homa na maumivu ya viungo, na hao wanafanana sana na wa kongosho, hivyo ulizeni kuhusu mabaka yasiyo na hisia. Kifua kikuu huweza kuleta vinundu nyuma ya miguu, kwenye mashavu ya miguu, navyo hupasuka. Vipo pia vinundu vya miundini vinavyofuata maambukizi ya koo au dawa fulani, na hivyo kwa kawaida havipasuki.

Siko seli nataka niisimamie kidogo, maana tunayo kwa wingi Tanzania. Kijana wa siko seli anayeumwa mifupa na viungo kila mtu anasema ni siko seli yake imeamka, na mara nyingi ni kweli. Lakini watu hao hupata vijiwe vya nyongo wakiwa wadogo kabisa, na vijiwe ni moja ya sababu kuu za kuungua kongosho. Akiwa na vinundu ambavyo hajawahi kuwa navyo, msikubali jibu la mazoea.

Tatu: liulizeni tumbo, hata kama halilalamiki

Maumivu ya kongosho hukaa chini ya chembe ya moyo, yakapenya mgongoni, yakazidi baada ya kula na kupungua mtu akiinama mbele. Hapa kwetu maumivu ya mahali hapo yameshapewa jina: vidonda vya tumbo. Watu wanameza omeprazo miaka na hawajapimwa kitu. Kama mgonjwa wako anajiita mtu wa vidonda vya tumbo, muulize nani alivithibitisha na kwa kipimo gani.

Neno lililo zito kuliko yote katika mwongozo huu ni hili: kwa wagonjwa wa P tatu, wengi, katika baadhi ya taarifa hadi theluthi mbili, huwa hawana maumivu ya tumbo au wanayo kidogo tu. Ngozi inaweza kutangulia tumbo kwa wiki, hata kwa miezi. Jibu la "tumbo haliniumi" haliondoi kongosho kwenye orodha.

Tafuteni basi sababu. Pombe, na hapa nasema zote: bia, gongo, mnazi. Mzee anayekunywa mnazi tangu ujana atasema si pombe, ni kinywaji cha shamba. Muulizeni kwa heshima, bila hukumu, maana akiona anahukumiwa ataficha. Vijiwe vya nyongo: je, huumwa upande wa kulia chini ya mbavu baada ya chakula cha mafuta? Mafuta ya damu yaitwayo traigliseridi, yakipanda kupita 1,000 kwa kipimo cha miligramu kwa desilita, au kama 11 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Dawa: baadhi ya dawa za kifafa kama valproeti, azathioprini ya kutuliza kinga ya mwili, na baadhi ya dawa za zamani za kupunguza makali ya VVU. Bebeni maboksi yote ya dawa, msiseme tu "vidonge vyeupe". Minyoo mikubwa ya utumbo huweza kuingia kwenye mrija wa kongosho, hasa kwa watoto. Na pigo la tumbo. Tanga ni mji wa baiskeli na sasa bodaboda, na usukani ukimchoma mtu chini ya chembe ya moyo huweza kupasua kongosho huku ngozi ya juu ikiwa na mchubuko tu. Ajali ya miezi michache iliyopita itajeni.

Kwa mtu wa makamo au mzee aliyepungua uzito bila sababu, ulizeni kwa makini zaidi. Kuna saratani ya kongosho ya aina adimu, inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza vimeng'enya, ambayo hujitangaza kwa vinundu na viungo kabla ya kitu kingine.

Nne: yaacheni haya

Msipasue vinundu. Si majipu, hakuna usaha wa kutoa, na kidonda kinachobaki hakifungi haraka. Msimchanje wala kumuumika juu ya vinundu. Msimchue kiungo kilichovimba na chenye moto.

Dawa za dukani nazo zina madhara yake. Diklofenaki na wenzake huwa hazisaidii sana viungo vya ugonjwa huu, na huweza kudhuru figo na tumbo la mtu ambaye tayari yuko hatarini. Predinisoloni au deksamethasoni, ambazo watu hupewa "za kutuliza viungo", hapa pia hazifui dafu, na zinapandisha sukari na kufunika dalili za maambukizi. Kwa maumivu ya kusubiri hospitali, parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo ya kuanzia, na mtu mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza.

Tano: ombeni kipimo cha lipasi

Hapa ndipo njia inapofunguka au kufungwa, kwa hiyo nitakaa.

Daktari anayemwona mgonjwa mwenye viungo vilivyovimba ataagiza vipimo vya baridi yabisi na vya asidi ya yuriki, ile ya jongo. Ni sawa. Lakini vipimo hivyo havitataja kongosho kamwe. Mnaweza kusema hivi, kwa adabu na bila kumfundisha kazi: "Shikamoo daktari. Mgonjwa wetu ana vinundu vinavyouma chini ya ngozi na viungo vimevimba kwa wakati mmoja. Kimoja kimepasuka na kutoa kitu cha mafuta. Tumesikia kongosho linaweza kuleta hali hii, yaani PPP. Tunaomba, ukiona inafaa, apimwe lipasi na amilasi." Daktari mzuri hachukizwi na swali la namna hiyo. Picha za simu zionesheni hapohapo.

Lipasi ni kipimo cha damu, damu ya mshipani, kama vipimo vingine. Kila maabara ina kiwango chake cha kawaida, kimeandikwa pembeni ya jibu, kwa hiyo msilinganishe namba ya maabara moja na ya nyingine. Kwa kongosho lililoungua ghafla daktari huangalia kama lipasi imezidi mara 3 kiwango cha juu cha kawaida. Kwa wagonjwa wa P tatu huwa imepanda mno, na aghalabu jibu hufika maelfu. Amilasi, kimeng'enya kingine cha kongosho, hupanda mapema lakini hushuka ndani ya siku 3 hadi 5, na inaweza kubaki ya kawaida kwa mnywaji wa siku nyingi au mtu mwenye traigliseridi nyingi. Lipasi hukaa juu wiki moja hadi mbili. Kama fedha inatosha kipimo kimoja tu, chagueni lipasi.

Pamoja nayo daktari atataka picha nzima ya damu, sukari, figo, ini na nyongo, kalsiamu, traigliseridi, na kipimo cha siko seli kama hajawahi kupimwa. Kwenye picha ya damu, seli nyeupe ziitwazo eosinofili zikiwa nyingi sana pamoja na vinundu na viungo, uvimbe wa kongosho lazima utafutwe.

Goti likijaa maji, daktari anaweza kuyavuta kwa sindano. Maji ya ugonjwa huu huwa mazito, meupe ya krimu, yenye matone ya mafuta, na kwa macho hudhaniwa usaha. Mgonjwa anaweza kuoshwa goti na kupewa antibayotiki wiki nzima bila faida. Ulizeni kama maji yamepelekwa kuoteshwa vijidudu na kama yameangaliwa mafuta kwa darubini. Usaha wa kweli kwenye kiungo ni hatari kubwa na hauwezi kupuuzwa, kwa hiyo antibayotiki zikianza huku majibu yakisubiriwa, msizikatae.

Kinyama cha ngozi ndicho huthibitisha. Kinatakiwa kikatwe kwa kina, kifike kwenye mafuta, maana kipande cha juu juu hakioneshi kitu na mgonjwa ameumia bure. Kichukuliwe kwenye kinundu kipya ambacho hakijapasuka. Kwa darubini huonekana seli za mafuta zilizokufa, zimebaki kuta bila kiini, na pengine chokaa. Hakikisheni chupa ina jina la mgonjwa, tarehe na mahali kilipokatwa, na muombe namba ya sampuli. Majibu huchukua muda, na bila namba hiyo mtayafuatilia kwa shida.

Ultrasaundi ya tumbo inapatikana kwa urahisi zaidi na inafaa kwa vijiwe vya nyongo, lakini gesi ya utumbo mara nyingi hulifunika kongosho. Ultrasaundi ikisema tumbo halina shida na lipasi iko juu mno, iaminini lipasi, mwende kwenye skani ya CT.

Sita: rufaa kutoka Tanga

Anzeni kituo cha karibu mpate barua, msiruke ngazi kama hali si ya dharura, kwa sababu bima nyingi hudai barua hiyo. Walioko Muheza wana Hospitali Teule palepale. Mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ndiyo mlango mkuu. Zaidi ya hapo njia mbili hutumika. KCMC Moshi ni hospitali ya kanda, na ndipo kilipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, kinachosomesha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Kwa mgonjwa ambaye utata wake umeanzia kwenye ngozi, kwa maoni yangu Moshi pana uzito wake. Muhimbili, Dar es Salaam, inafaa zaidi ikiwa tatizo kubwa ni tumbo lenyewe au upasuaji unatarajiwa, na Taasisi ya Saratani Ocean Road iko mji huohuo. Aamue daktari, ila mwambieni pia mna ndugu wapi wa kuwapokea.

Njia zote mbili zinapitia Segera. Ombeni kiti ambacho mgonjwa ataweza kunyoosha mguu, msimfunge bandeji ya kubana, na abebe maji. Kwenye faili muwe na barua, majibu yote yenye tarehe, picha, orodha ya dawa, na nakala za kila kitu kwa mtu aliyebaki nyumbani. Fedha zikigoma, muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukimbia na deni. Kazi yake ni hiyo pia.

Saba: matibabu yenyewe

Vinundu na viungo hupata nafuu kongosho likitibiwa. Dawa ya kupaka haitoshi, wala dawa ya viungo peke yake. Wodini mgonjwa hupewa dripu, dawa za maumivu zenye nguvu ya kutosha, na chakula mapema kadiri anavyoweza kukimeza bila kutapika. Ule utaratibu wa kumnyima mtu chakula siku nyingi umeachwa. Kama ni vijiwe, kibofu cha nyongo hutolewa. Kama kuna mfuko wa majimaji kando ya kongosho, au mrija umeziba au unavuja kwenye mshipa wa damu, hufunguliwa au kuchepushwa. Kama ni saratani, upasuaji au dawa za saratani hutegemea ilikofika.

Muulizeni daktari waziwazi: chanzo ni kipi, na mpango wa kukiondoa ni upi? Ugonjwa huu unaua. Katika mkusanyiko mmoja wa taarifa za wagonjwa wa P tatu karibu robo walifariki, na kuchelewa kutambua kumetajwa mara kwa mara. Viungo navyo vikiachwa muda mrefu mfupa hulika, na uharibifu huo haurekebishiki hata kongosho likipona.

Nane: nyumbani

Pombe ikome kabisa, na sigara vilevile, hata kama chanzo kilikuwa vijiwe. Hili liwe la nyumba nzima kwa kipindi cha mwanzo, maana ni vigumu mtu kuacha mnazi huku wenzake wanaugida barazani.

Chakula kiwe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, chenye protini ya kutosha na mafuta machache. Samaki tunao: changu wa kuchemsha au kuchoma badala ya kukaanga. Wali wa tui zito la kwanza, viazi karai, bajia na mihogo ya kukaanga visubiri. Ukitaka ladha ya nazi kwenye mchuzi, tumia tui jepesi la mwisho, kidogo. Maharage, mayai ya kuchemsha, ndizi, mchicha na uji ni vya kutegemea. Msimpunguzie chakula hadi akakonda, kwani mwili unaopona unahitaji nguvu. Kinyesi kikiwa cheupe, kinanuka sana na kinaelea na mafuta, kongosho limeshindwa kusaga, na kuna vidonge vya vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na chakula. Mwenye nia ya kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake mapema, kabla mwezi haujaandama.

Vidonda vilivyopasuka vioshwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, vifunikwe kwa shashi safi, kila siku. Mguu uinuliwe juu ya mto. Kiungo kikipoa, kianze kukunjwa na kunyooshwa polepole ili kisigande, na mtaalamu wa fiziotherapia aoneshe namna.

Sukari ipimwe hata baada ya kupona, kwa sababu kongosho lililoumia huweza kuleta kisukari miezi au miaka baadaye. Lipasi irudiwe kwa ratiba ya daktari. Kinundu kipya kikitokea, hata kimoja na hata tumbo likiwa shwari, msisubiri tarehe ya kliniki: nendeni akapimwe lipasi wiki hiyohiyo, na faili lote mkononi.